Mimi Ndiye Niliyepaka Nyonyo

Aliyeharibu ule mlango wa kanisa ni mimi. Si fundi. Si umeme. Si mashine. Ni mimi bibi kizee, niliyekaa pembeni nakunja kanga magotini kama vile sijui kitu.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Mimi nikianza hadithi naweza kuzunguka mlima mzima kabla sijafika kwenye kosa, na nikifika mnakuta nimeshalipamba mpaka linapendeza. Safari hii sitaki lipendeze.

Shule niliishia darasa la tatu. Haya maneno nimeyasema kwa mdomo, mama mmoja jirani yangu hapa Mwembesongo ndiye anayeyaandika kwenye simu yake, na nimemwapisha asipunguze. Majina ya watu nimeyabadili. Maungamo ya wenzangu humu kwenye ukurasa huu wa simu nasomewa na mjukuu wangu kila Jumapili tukitoka misa. Mimi nachambua mboga, yeye anasoma. Tunacheka, tunahukumu. "Sasa huyu naye, kwa nini hakusema mapema?" Ndivyo ninavyosemaga. Mdomo huu huu.

Mjukuu wangu tumwite Tekla. Mama yake alifariki, nimemlea mimi, kwanza kule mlimani, halafu miguu ilipokataa kupanda ndiyo akanileta mjini kwake. Ni fundi seremala. Wanaume wanakuja kutafuta fundi, wanamkuta yeye na penseli sikioni, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Anawajibu, "Ametoka kwenda kumtafuta mteja mwenye macho." Huyo ndiye niliyemlea.

Mchumba wake tumwite Isaya. Mtu wa Gairo, fundi redio na simu, mtu mzima na ndevu zake. Posa yake mjomba wa Tekla alishaipokea, na huyo mjomba ni mdogo wangu wa tumbo moja, mjomba wa marehemu mama yake, na kwetu kwa mtoto anabaki mjomba. Isaya akija anapiga hodi na karanga za kwao mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umenikumbuka mimi au umemfuata huyu mke mwenzangu?"

"Nimekufuata wewe bibi. Yeye nimemkuta tu."

Tekla anadakia toka ndani, "Nyie wawili mkishamaliza kuoana mniite nije kuosha vyombo."

Tulikuwa hivyo. Nilikuwa nacheka mpaka meno yaliyobaki yanatikisika. Na Isaya alikuwa mtu wa kunisikiliza. Hadithi niliyomsimulia mara tatu, mara ya nne anauliza, "Halafu yule nguruwe pori akafanyaje bibi?" wakati anajua kabisa.

Basi hao wawili wakatengeneza mashine chumba cha nyuma. Wenyewe wanaiita CNC. Ni meza kubwa kama ya kulia chakula, juu yake kuna daraja la chuma linaloshika kisu kinachozunguka. Meza inakwenda mbele na nyuma, kisu kinakwenda kushoto na kulia, juu na chini. Unaweka mbao, Tekla anachora kwenye kompyuta, mashine inachonga yenyewe. Maua, majani, herufi. Siku ya kwanza ilipochonga jina langu kwenye kipande cha paini nilipiga vigelegele peke yangu. Sijui kusoma vizuri lakini jina langu nalijua.

Isaya alinieleza inavyofanya kazi. "Bibi, hii mota haina macho. Inahesabu hatua tu. Hatua mia mbili, imezunguka duara moja, fito lile lenye nyuzi limesukuma meza kidogo. Ikikwama ikakosa hatua hata tano, haijui kama imekosa. Inaendelea kuhesabu."

Nikamwambia, "Kama mlevi anayerudi kwake kwa kuhesabu nguzo za umeme."

"Hivyo hivyo."

"Akiruka nguzo moja anaingia nyumba ya jirani."

"Na anavua viatu kabisa bibi, maana kwa hesabu yake amefika."

Tulicheka. Leo nikikumbuka hayo maneno sicheki.

Halafu akanionya. Alisema mbele ya Tekla, "Bibi, kufagia fagia, ila hivi vyuma usiviguse. Vina mafuta yake, mepesi, ya cherehani, naweka tone moja moja mwenyewe." Nikamjibu, "Nimekusikia mume wangu." Na kweli nilisikia. Sitaki mtu anitetee kwamba bibi alikuwa hajui.

Sasa sikilizeni. Kwetu Uluguru binti akivunja ungo anakaa ndani, anafundwa, ndiye mwali. Siku ya kutolewa nje anapakwa mafuta ya nyonyo mpaka anang'aa. Yale mafuta mazito yanayovutika, tunakamua wenyewe kwa mbegu. Mimi nimewapaka wali wengi kwa mikono hii, na Tekla mwenyewe nilimpaka. Kitu unachokipenda, kitu kinachotoka ndani kwenda mbele za watu, unakipaka nyonyo. Ndivyo nilivyokuzwa.

Na ile mashine nilikuwa naiita mwali. Si ilikuwa ndani bado? Haijatoka mbele za watu. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa mlango wa kigango chetu, lile kanisa dogo kule mlimani, na huo mlango ndio ungeitoa.

Jumapili moja wao wametoka, mimi nafagia maranda, nikainama chini ya meza. Nikaliona lile fito la chuma limelala kule gizani, lenye nyuzi kama bolti ndefu, jembamba, kavu. Nikaona huruma. Mwenzake wa juu, anayekiendesha kisu, anapakwa, wa chini amesahauliwa. Nikachukua chupa yangu ya nyonyo na kitambaa, nikampaka mwanzo mpaka mwisho, na pale kwenye nati nene anapoingilia nikamdondoshea ya kutosha. Nikamsemesha kabisa, "Nenda mwanangu, ukapendeze."

Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni nitawaambia mlango ukishapendeza, wacheke.

Ulikuwa Juni, baridi imeanza, asubuhi ukungu unashuka toka mlimani mpaka kwenye mabati ya jirani. Na mashine ikaanza ugonjwa. Asubuhi Tekla akijaribu kwenye mbao za paini, inachonga vizuri kidogo, halafu inatoa mlio kama mtu anayesaga meno, na kuanzia hapo mchoro wote unahama. Ua limehama kidole kizima, lakini mashine inaendelea kuchonga kwa furaha zake. Mchana wanajaribu tena, hakuna kitu, safi kabisa.

Isaya alihangaika, jamani. Alichora alama kwa kalamu pale mota inaposhikana na fito, aone kama panateleza. Hapakuteleza. Alikaza skrubu zote. Alipunguza mwendo. Aliongeza nguvu ya mota mpaka ikawa moto wa kukaangia dagaa, akaiwekea feni. Alichungulia chini ya meza na tochi, nikamsikia anasema, "Mafuta yapo, linang'aa." Alidhani ni yake. Nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele mkononi. Ningeweza kusema pale pale. Nikaendelea kupepeta.

Mwisho wakakubaliana kwamba ni umeme. Asubuhi watu wote wanapasha maji, umeme unakuwa mdogo, mota inakosa nguvu. Wakaleta stabilaiza. Wakaijaribu mchana, mara kumi. Wakaifungia kalamu badala ya kisu, ikachora mraba ikarudi pale pale ilipoanzia, kalamu ikakanyaga nukta ile ile. Isaya akasema, "Imepona. Nasimamia mimi."

Na mimi, wenzangu, kila iliposhindwa nilikuwa naongeza nyonyo. Mwali akiumwa si unampaka? Kila Jumapili chini ya meza. Na vumbi la mbao nalo linashuka linakutana na mafuta yangu. Hilo sikulifikiria.

Nieleze mbao zenyewe, maana hapo ndipo penye kidonda. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Kwenye shamba la lukolo letu, ndiyo ukoo huo, kulikuwa na mvule karibu na kaburi la mama yangu, nyuma tu ya kigango. Masika moja upepo ukauangusha. Wazee wakakaa, wakasema huu mti hauuzwi, utakuwa mlango wa kigango. Ukapasuliwa, mbao zikakaa mwaka mzima zinakauka, halafu watu wakazibeba kichwani kuzishusha mpaka barabarani. Zilitosha paneli nne tu, hakuna ya akiba. Ukitaka ya tano umuombe Mungu auoteshe tena.

Sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu wetu, ilikuwa inakaribia. Tekla akasema waanze asubuhi ili ndani ya siku mbili wamalize. Paneli ya kwanza ilikuwa ya kalisi, kile kikombe cha misa, na mzabibu unaizunguka. Baridi siku hiyo ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai, naangalia kalisi inavyotoka kwenye mvule, rangi ya asali inaiva, nikasema mama angeiona hii.

Ikasaga meno.

Tekla aliruka kwenye kitufe chekundu. Lakini kisu kilishahama, kilishapita. Mzabibu ulikata kalisi katikati, kutoka mdomoni mpaka kwenye mguu wake, kama mtu aliyechanwa na panga.

Tekla alipitisha kidole pale palipochimbika, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Ulisema imepona," akasema.

"Nilijaribu mara kumi Tekla."

"Ulijaribu mchana. Mara kumi zote mchana. Ugonjwa wa asubuhi unaupima mchana?"

Isaya alilala chini kwa mgongo, akaingiza mkono chini ya meza, akalipapasa lile fito, akaenda mpaka kwenye nati. Akatoa vidole. Vilikuwa na uji mweusi wa mafuta na vumbi, mzito, unavutika. Akaunusa.

Mtu wa Gairo hawezi kunusa nyonyo asijue ni nyonyo. Naye ana bibi.

Akiwa bado amelala pale chini aligeuza shingo akaniangalia. Siyo kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayekukuta bafuni, akageuza macho haraka. Halafu akajifuta vidole kwenye suruali yake, akasimama.

"Kosa langu," akamwambia Tekla. "Fito la chini limeganda uchafu. Asubuhi kwenye baridi linakuwa zito, mota inashindwa, inaruka hatua. Mchana likipata joto linalainika. Nilitakiwa kulisafisha, sikulisafisha."

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa kosa dogo. Bibi kapaka mafuta, bibi kaomba radhi, wanalia, yanaisha. Lakini nilimwona Tekla anavyoitazama ile mbao, nikaogopa ayageuze macho yale kwangu. Nikafungua mdomo. Na kilichotoka ni hiki:

"Nilikwambia mke mwenzangu. Mtu wa redio unampa mlango wa kanisa?"

Sikuwahi kumwambia neno kama hilo. Nililitunga pale pale.

Isaya alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akasema, "Bibi amesema kweli." Akatoka kwenda kutafuta mafuta ya taa.

Alishinda siku nzima chini ya ile meza na mswaki, anasugua nyuzi moja moja. Kesho yake asubuhi, kwenye baridi ile ile, mashine ilikwenda kama maji. Paneli tatu zilizobaki zikatoka bila doa. Yaani aliiponya kweli, na bado akaitwa aliyeharibu.

Maana mdogo wangu, yule mjomba wa Tekla, alishuka toka mlimani na wazee wawili. Waliingia, wakaiona ile kalisi, mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Mdogo wangu akauliza, "Nani alikuwa mkuu wa mashine?"

"Mimi mjomba," Isaya akasema.

"Kuna mwingine aliyeigusa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mkubwa wao wote. Mimi ndiye mwanamke mkubwa wa lukolo. Kwetu neno langu pale lina uzito kuliko la mdogo wangu, na ningesema angenyamaza. Nilikuwa nakunja kanga.

"Hakuna mjomba. Ilikuwa mikononi mwangu," Isaya akajibu.

Mdogo wangu akasema hawezi kumpa binti wa lukolo mtu aliyeharibu mti wa lukolo kwa uzembe na kiburi cha kusema "nasimamia mimi". Posa ikarudishwa. Tekla alikuwa amesimama na penseli sikioni. Alimwangalia Isaya muda mrefu, nadhani alikuwa anangoja ajitetee, aseme hata neno moja apate pa kushika. Isaya hakusema. Angesemaje? Angesema, "Ni bibi yenu," mbele ya wazee? Alinisitiri. Ile heshima ya shikamoo aliibeba mpaka ikamvunja mgongo.

Alikuja kuchukua vifaa vyake Tekla akiwa hayupo. Akabisha hodi kama kawaida.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." "Mume wangu" haikutoka.

Akaingia nyuma, akakusanya vitu vyake, akatoka na chupa yangu ya nyonyo. Ilikuwa imesimama nyuma ya mota tangu Jumapili ya mwisho, niliisahau pale. Akanipa kwa mikono miwili.

"Hii yako bibi. Mafuta mazuri, ila pale si pake."

"Isaya," nikasema.

"Bibi."

Akasimama akasubiri. Aliweka begi chini kabisa. Alinipa nafasi, jamani, alinipa nafasi kubwa ya kupitisha ng'ombe. Nikamwambia, "Usafiri salama."

Akainua begi.

Mlango wa kigango ulikuja kufungwa mahali pake. Paneli tatu za mvule, ya nne ya paini iliyopakwa rangi ifanane. Haifanani. Mimi sasa napelekwa mlimani sikukuu kwa sikukuu, na ukiingia pale kigangoni unasukuma mlango kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia unaangukia kwenye ile ya paini. Kila mara. Kaburi la mama liko hatua chache tu nyuma ya hapo na siendi kulitazama.

Tekla anafanya kazi. Ana wateja. Ananipikia, ananiogesha miguu, ananisomea. "Mke mwenzangu" haniiti tena wala mimi simwiti, neno hilo lilikuwa linamhitaji mtu wa tatu. Mwanzoni alikuwa anaulizauliza, "Bibi, hivi kwa nini hakujitetea? Mtu asiye na kiburi vile, kwa nini hakusema hata samahani mbele ya mjomba?" Namjibu, "Wanaume ndivyo walivyo." Siku hizi haulizi.

Nawaonya wenzangu, hasa wazee. Kitu cha watoto usichokijua, usikipake mapenzi yako. Uliza kwanza. Na ukishakosea, sema siku ile ile kosa likiwa bichi. Nilidhani nikinyamaza nimesimama pale pale nilipo, kumbe nilikuwa kama ile mota. Nilishakosa hatua siku ile, na tangu hapo nahesabu tu, nasali, nasimulia hadithi, natoa ushauri kwa watu, na kila ninachochonga kimehama.

Na usimwachie mtu mwenye adabu abebe kosa lako kwa sababu anaweza kulibeba.

Jirani yangu hapa ameshika simu, ananiuliza kwa nini nisimwambie tu Tekla, yuko chumba cha nyuma, ni hatua ishirini. Nimejaribu. Nafika mlangoni, mashine inalia, ananiambia, "Bibi angalia maranda usiteleze," narudi. Kwa hiyo nimeamua nimpitishie hapa. Jumapili tukitoka misa atakaa kwenye kigoda chake, mimi na mchicha wangu, atafungua simu aanze kunisomea. Majina nimebadili, lakini nyonyo sijaibadili, na kalisi sijaibadili. Atajua kabla hajafika katikati. Sitainuka. Nitakuwa nimekaa pale pale.

Mke mwenzangu, ukifika hapa usisimame. Yule mama anayeleta karanga toka Gairo ameniambia Isaya yuko peke yake mpaka leo. Na picha yake hujaifuta, niliiona siku ile unanionyesha za ubatizo, ukaipitisha haraka kwa kidole. Usinijibu mimi kwanza. Mpigie. Mwambie bibi amesema aliyepaka nyonyo ni yeye.